Lushoto, Usangi, Marangu, Tukuyu: likizo ya milimani uende wapi?

Kila Juni ikikaribia, maswali huwa yaleyale. Mtu amechoka na jasho la Dar es Salaam, amepata ruhusa ya siku nne, tano, akibahatika wiki nzima. Ana watoto, au ana mama yake anayetaka kubadilisha hewa. Ananionyesha ramani ya simu: "Tuanze Lushoto, tupite Usangi, tumalizie Marangu. Si vyote viko barabara moja?"

Ni kweli, viko barabara moja. Ukitoka Segera kwenda Himo unapita Mombo, ambako ndiko kwa kupandia Lushoto. Unapita Mwanga, ambako ndiko kwa kupandia Usangi. Ukifika Himo unakata kulia kwenda Marangu. Kwenye karatasi ni shanga tatu kwenye uzi mmoja. Mimi na familia yangu tuliamini hivyo hivyo mwaka mmoja, tukagawa siku tano kwa milima mitatu. Tulichojifunza ni kwamba miji ya milimani haifuatani. Ili utoke mmoja uende mwingine, lazima ushuke hadi chini kabisa kwenye joto na mkonge, usubiri gari la barabara kuu, kisha uanze tena kupanda kona. Siku ya tatu miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa kukaa kwenye kiti, na mdogo wetu alikuwa ametapika mara mbili kwenye mfuko wa nailoni. Usangi tuliiona kwa saa kumi na sita tu, nane kati ya hizo tumelala.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: chagua mlima mmoja, ukae. Ukishaupata mlima wako, ndani yake utakuta mji wa pili na wa tatu ambao hauhitaji kushuka. Kazi iliyobaki ni kujua mlima upi unakufaa wewe, kwa siku ulizonazo na watu ulio nao.

Lushoto, chaguo la wengi, na kwa haki

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, lami yote, na katika mwendo huo mfupi unapanda karibu mita elfu moja. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye mto. Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko unayoyaona ukiwa bado kwenye gari. Hapo ndipo basi linaposimama na dirisha lako linajaa mikono: plamu kwenye vindoo vidogo vya plastiki, mapeasi, karoti zilizofungwa mafungu na majani yake bado mabichi. Nunua plamu hapa, usisubiri mjini. Zile nyekundu nyeusi zinazobonyea kidogo ndizo za kula leo. Zilizo ngumu zitakufaa siku ya kurudi.

Mji wenyewe uko kwenye bonde, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na majengo machache ya zama zao bado yamesimama chini ya miti mikubwa. Sifa yake kubwa kwa mgeni ni kwamba kila kitu kipo: benki, duka la dawa, hospitali, gesti za bei ya chini karibu na stendi, hosteli za makanisa zilizo safi na tulivu, na loji za wenye nafasi. Kwa anayesafiri na mtoto mchanga au mzee mwenye presha, hilo si jambo dogo.

Cha pili ni Irente. Unatoka mjini kwa mguu, unapita mashamba na nyumba za watu, na baada ya kama saa moja na nusu ardhi inakatika. Chini yako, mbali sana, ni Mazinde: mistari ya mkonge, barabara kuu ikiwa uzi, na nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Nenda mapema au nenda jioni. Saa sita mchana kunakuwa na ukungu wa joto, huoni kitu. Mara ya mwisho tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wingu likiwa limelala chini yetu kama pamba iliyotandazwa. Mama aliketi kwenye jiwe, akavua viatu, akakaa nusu saa bila kusema neno. Wakati wa kurudi tulipita shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, jemu na mkate mweusi mzito. Mkate huo ukila vipande viwili unashinda.

Kwa wanaopenda kutembea hasa, Lushoto haina mpinzani kati ya hii minne. Kuna msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia, ambako mbega weupe kwa weusi wanarukaruka juu yako. Na kuna njia ya siku tatu au nne, kijiji kwa kijiji, hadi Mtae, mji uliokaa kwenye ukingo wa mlima kama ndege juu ya ukuta, nyika ikiwa pande mbili. Kama hutaki kutembea hivyo, basi la kwenda Mtae lipo, lakini usilifanye safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Utakula vumbi kutwa na kuona mandhari dakika ishirini. Lala huko. Mlalo nako kunafaa. Na kama historia inakuvuta, karibu na Soni kuna Vuga, makao ya watawala Wakilindi, ukoo wa Mbegha mwindaji ambaye kila mzee wa Kisambaa atakusimulia habari zake kwa namna yake.

Upungufu wa Lushoto ni upande wa pili wa sifa zake. Inajulikana. Ukishuka tu kwenye basi vijana watakufuata wakitaka kukuongoza, na si wote wana ofisi wala kitambulisho. Nenda kwenye ofisi ya waongozaji mjini, uulize bei, uandikiwe risiti, uingie msituni kwa kibali. Mwaka mmoja tulimlipa kijana wa stendini, akatupeleka nusu ya njia, kisha akataka nyongeza tukiwa katikati ya msitu na giza linaingia.

Usangi, kwa mtu anayetafuta utulivu

Milima ya Upare Kaskazini imesimama juu ya mji wa Mwanga, na watu wengi hupita chini yake kwenda Moshi bila kujua kwamba huko juu kuna mji. Njia ya kupanda si ndefu kwa kilomita, ila ina kona kali. Lami imekuwa ikiongezwa kipande kwa kipande. Gari linalopanda ni Noah au Costa, na linaondoka likijaa. Ukikosa la mchana, huenda ukalala Mwanga.

Nikilinganisha na Lushoto, Usangi ina vichache vya kuonyeshwa na vingi vya kuona. Hakuna ukingo maarufu wa kupigia picha. Kuna mitaa iliyopangana mabondeni, misikiti na makanisa, migomba, kahawa, na mlima Kindoroko wenye msitu kichwani, mita 2,113. Ukipanda migongo ya upande wa Ugweno siku ya anga safi, unaona Ziwa Jipe chini, nchi ya Kenya ng'ambo yake, na Kilimanjaro kwa pembeni, mlima mzima kuanzia kiunoni.

Lakini kitu kilichonifanya nirudi Usangi peke yangu mwaka uliofuata ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji, limezungushiwa kingo za udongo na mawe. Maji ya chemchemi huingia usiku kucha yakajaa. Asubuhi tundu hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Nilisimama na mzee mmoja saa moja asubuhi akizibua tundu kwa mti mrefu. Maji yalitoka kwanza ya tope, halafu yakawa meupe, akayafuata kwa jembe, anafungua kwa huyu dakika kadhaa, anaziba, anafungua kwa yule. Aliniambia zamu ya maji ndiyo inayomwonyesha mtu kama ni jirani au si jirani. Wapare wamekuwa wakifanya hivi tangu kabla ya Mjerumani, na bado shamba linanywa.

Kuna pia misitu midogo ya koo, inayoitwa mpungi, iliyoachwa katikati ya mashamba. Ukiona kichaka kizito cha miti ya zamani hakijaguswa huku pembeni kote kumelimwa, usijiingilie kupiga picha. Uliza mzee wa hapo. Mara nyingi atakueleza kwa furaha, na mara nyingine atakuambia hapana, na hiyo hapana uiheshimu.

Udhaifu wa Usangi ni malazi. Gesti ni chache na za kawaida. Usitegemee hita ya maji wala menyu. Njia nzuri ni kuwa na mwenyeji, na kwa bahati Mpare wa Usangi hakosekani katika ofisi yoyote ya mjini. Mwulize, atapiga simu nyumbani. Utakula makande ya Wapare wenyewe, mahindi yaliyokobolewa na maharage, yaliyopikwa polepole hadi yakaungana. Kwa watoto wadogo wanaohitaji michezo na vitu vya kuwashughulisha, Usangi itawachosha siku ya pili. Kwa mtu aliyechoka kichwa, siku ya pili ndipo anapoanza kupumua.

Marangu, unapotaka raha bila taabu ya njia

Hapa sitakaa sana, kwa sababu Marangu inajieleza. Lami inakufikisha hadi mlangoni, Moshi iko karibu, hoteli ni nyingi na zimezoea wageni tangu enzi za ukoloni. Ndiyo njia iliyotumiwa na Hans Meyer mwaka 1889 kufika kileleni, na Yohani Kinyala Lauwo anayekumbukwa kama kiongozi wake wa njia alikuwa mtu wa hapa. Kwa likizo ya kijijini, si lazima uwaze kilele cha mita 5,895. Unaweza kulipia siku moja tu, ukatembea na mwongozaji kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720, ukarudi jioni. Wanangu wa miaka kumi na kumi na mbili waliiweza, na hadi leo wanawaambia wenzao shuleni wameupanda Kilimanjaro.

Maporomoko ya Kinukamori na Ndoro yako karibu kiasi kwamba mzee anaweza kufika kwa bodaboda na kushuka ngazi taratibu. Chakula ndicho bora kuliko miji yote minne, kwangu mimi: mtori wa asubuhi ukiwa mzito, na ndizi za kila namna. Mifereji ya zamani inayoitwa mfongo inapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kwa hiyo aliyependa ndiva za Usangi atakuta ndugu yake hapa.

Mawili ya kuangalia. La kwanza, bei: eneo linaishi kwa wapanda mlima, na hoteli nyingi zinapanga bei kwa macho ya mgeni wa ng'ambo. Sema mapema kwamba wewe ni mkazi, uulize bei ya mkazi. La pili, Desemba. Wachaga wote wanarudi nyumbani, nauli zinapanda, mabasi yanajaa wiki mbili kabla, na barabara ya Himo inakuwa foleni. Kama umealikwa, nenda, ni wakati mtamu kuliko wote. Kama hujaalikwa, usithubutu kati ya tarehe 20 Desemba na mwaka mpya.

Na jambo la mwisho: mlima wenyewe unaonekana alfajiri. Ifikapo saa nne asubuhi mara nyingi umeshajifunika. Watu wanalala hadi saa tatu, kisha wanalalamika kwamba hawakuona kilele cha Kibo.

Tukuyu, kama una wiki

Tukuyu haiko kwenye uzi ule. Iko Nyanda za Juu Kusini, kama kilomita 70 kutoka Mbeya kwenye barabara ya kwenda Malawi, na Mbeya yenyewe ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Basi ni kutwa nzima na zaidi. Ukipanda ndege hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, unaokoa siku mbili. Ndiyo maana nasema wiki. Mtu mwenye siku nne asijidanganye.

Ila ukifika, nchi ni nyingine kabisa. Usambara na Upare ni milima mikavu ukilinganisha na Rungwe, wilaya yenye Tukuyu. Huku mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali Tanzania Bara, na kijani chake kinaingia hadi kwenye kuta za nyumba. Chai imetandazwa vilimani kama zulia lililokatwa kwa mkasi, migomba mirefu, maparachichi yanauzwa kwa ndoo kando ya barabara, na Mlima Rungwe, mita 2,960, umejificha nyuma ya wingu. Ukimshukuru Mnyakyusa kwa "ndaga", hata kama hujui neno jingine, umeshapata kiti na kikombe cha maziwa.

Vya kuona havipo sehemu moja, na hapa usafiri binafsi au bodaboda ya kutwa inasaidia. Daraja la Mungu, mwamba uliopita juu ya mto Kiwira wenyewe bila mkono wa mtu, na karibu na hapo Kijungu, ambapo mto unazama kwenye shimo ukichemka kama chungu. Ziwa Ngosi, ndani ya kreta, linahitaji kupanda msituni karibu saa mbili. Njia inateleza, na mvua ikinyesha unashuka kwa makalio. Ziwa Masoko ni rahisi kufikia, na wenyeji watakusimulia sarafu za Wajerumani zilizotupwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kinachoipa Tukuyu ushindi kwa mwenye wiki ni kwamba mlima huu una ufukwe chini yake. Unashuka kupitia Kyela hadi Matema, Ziwa Nyasa, maji meupe na milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Jumamosi kuna soko la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Baridi siku nne, jua siku tatu, bila kubadili mkoa.

Mwezi ni wa kuuchagua kwa makini. Juni hadi Oktoba njia ni kavu, lakini Juni na Julai baridi yake si ya sweta moja. Wanaotaka maua ya Kitulo, ile nyanda inayoitwa Bustani ya Mungu, wanatakiwa kwenda kati ya Desemba na Aprili, na huo ndio wakati wa matope. Huwezi kupata vyote viwili. Mwenye watoto achague ukavu.

Na mwenye usiku mbili tu?

Huyu asiende kokote kati ya hiyo minne, hata Lushoto. Ni saa sita hadi saba za basi kutoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, foleni ikiwa ya huruma. Utatumia siku mbili njiani kupata moja. Achukue treni ya SGR hadi Morogoro, chini ya saa mbili, kisha apande Mgeta katika milima ya Uluguru. Nyandira iko juu, baridi ni ya kweli, mboga zimepandwa kwenye matuta ya ngazi kwa ngazi hadi karibu na msitu, na maziwa ya mbuzi yapo, kwa sababu mbuzi wa maziwa waliletwa huko miaka ya themanini kutoka Norway kupitia wataalamu wa kilimo wa Morogoro. Njia ya kupanda ni mbaya kuliko ya Lushoto, hilo lazima niliseme. Mvua za Machi hadi Mei usijaribu.

Mambo ya mfukoni na ya begi

Kwa gharama, ukiacha nauli, kwangu Usangi na Tukuyu zimekuwa rahisi, Lushoto katikati, Marangu juu. Misitu ya hifadhi ina kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Malipo ni kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo hakikisha salio lipo kabla hujaingia mahali pasipo na mtandao.

Kabla ya kutuma hela ya chumba, piga simu uulize maswali mawili: maji ya moto yanatoka bombani au yanaletwa kwa ndoo, na mablanketi ni mangapi kwa kitanda. Gesti moja iliwahi kutuahidi maji ya moto kwa simu; tulipofika ikawa ndoo moja kwa watu watano, nayo ililetwa saa tatu usiku. Wanaotapika njiani wakae viti vya mbele, wasile chipsi Korogwe, na watafune kipande cha tangawizi. Viatu viwe vya kukanyagia tope, siyo raba nyeupe. Tochi, kwa sababu umeme wa milimani unakatika mvua ikianza.

Sisi Julai hii tunakwenda Tukuyu, siku nane, tano juu na tatu Matema. Nilimwuliza mama kama angependa tuongeze Lushoto wakati wa kurudi, kwa kuwa ndiko anakokupenda. Akasema Lushoto ipangiwe likizo yake mwenyewe, na safari hiyo tukae Irente hadi plamu ziishe mtini.